Bahari Si Msimulizi

Karibu kila anayeandika kuhusu Skara Brae huanza na upepo. Mwaka ni 1850, mahali ni ghuba ya Skaill, kisiwa kikubwa cha Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Dhoruba inapiga, bahari inapanda, nyasi zinang'oka juu ya kilima cha mchanga, na kukicha watu wanaona kuta za nyumba zilizokuwa zimelala chini ya malisho yao. William Watt, mwenye ardhi, anaanza kuchimba. Kufikia 1868 nyumba nne zimeshaondolewa mchanga. Hadithi tamu, si ndiyo? Ina giza, ina ngurumo, ina asubuhi.

Shida yake ni moja: inampa bahari kazi ya msimulizi. Bahari inafungua pazia, inatuonyesha ajabu, kisha inajiondoa jukwaani. Lakini wapi! Bahari ile haikwenda popote. Iliyofunua kijiji ndiyo iliyokuwa ikikila, na huenda nyumba za upande wa maji zilishaliwa kabla ya mtu yeyote kujua zilikuwepo. Katikati ya miaka ya 1920 ilirudi tena na kubomoa sehemu ya zile zilizochimbwa, ikabidi serikali ijenge ukuta wa kuizuia. Ukuta huo upo mpaka leo. Nao una tabia ya kila ukuta wa bahari: unalinda kilicho nyuma yake, huku mawimbi yakizidi kuitafuna pwani pale kwenye ncha zake mbili.

Nataka tuongee juu ya namna pwani hii inavyoandikwa. Nimesoma ya kutosha kuhusu magofu ya Orkney na Shetland kuona kwamba maandishi yake yana mazoea, na mazoea hayo yanaamua tutaokoa nini na tutaacha nini kiende. Si mambo ya mtindo tu. Msimulizi anayependa dhoruba atakufundisha kuiogopa dhoruba, na utashindwa kuona kinachoila pwani siku zile ambazo hali ya hewa ni shwari.

Tuanze na jiwe, maana huku jiwe lilitangulia kila kitu. Sehemu kubwa ya Orkney imekaa juu ya mawe ya mchanga yaliyojijenga karibu miaka milioni 400 iliyopita, enzi ya Devoni, chini ya ziwa kubwa ambalo wanajiolojia wameliita Ziwa Orcadie. Ziwa lilijaa, likakauka, likajaa tena. Kila mara liliacha tabaka jembamba la matope, na matope yakagandamana kuwa mawe. Ndiyo maana mawe ya Orkney yanapasuka kwa mabamba, kama kurasa. Mtu mwenye nyundo na subira anaweza kutoa bamba bapa bila kulichonga sana.

Sasa weka jambo la pili: miti Orkney ilikuwa haba. Kwingine watu wa Zama Mpya za Mawe walijenga na kutengeneza samani kwa mbao, na mbao zikaoza zikapotea. Orkney walitumia walichokuwa nacho. Vitanda vya Skara Brae ni vya mawe. Makabati ni ya mawe. Kuna majiko katikati ya sakafu, kuna visanduku vya mawe vilivyozikwa sakafuni, kuna mifereji ya maji chini ya nyumba. Nyumba zenyewe zilizamishwa ndani ya jaa, yaani takataka za miaka mingi zilizogeuka udongo mzito wa kukinga baridi. Hiyo ndiyo sababu halisi ya sisi kuweza kusimama juu ya kuta na kutazama chumba cha kulala cha miaka 5,000 iliyopita. Jiwe linalopasuka vizuri, uhaba wa miti, na jaa. Mchanga uliokuja baadaye ulifunika tu.

Jiwe hilo hilo linalopasuka kwa mabamba ndilo linalomomonyoka kwa mabamba. Maji yanaingia kwenye nyufa, bamba linalegea, linaanguka. Hakuna haja ya tamasha. Tazama ule mnara wa jabali unaoitwa Old Man of Hoy, mita 137 kutoka majini, mawe ya mchanga yaliyosimama juu ya kitako cha lava. Kila mtalii anaupiga picha kama alama ya umilele. Kumbe ramani ya 1750 haiuonyeshi, na mchoro wa William Daniell wa mwanzoni mwa karne ya 19 unauonyesha ukiwa na miguu miwili. Mguu mmoja ulishaanguka. Inaelekea mnara huo una umri usiozidi miaka 400, yaani ni mdogo kuliko Fort Jesus. Ukisoma sentensi inayoita pwani ya Orkney "isiyobadilika", weka kitabu chini kwanza unywe chai.

Halafu kuna bahari yenyewe. Zamani za barafu, uzito mkubwa ulilala juu ya bara la Uskoti. Barafu ilipoyeyuka ardhi ilipumua na kuinuka. Orkney iko ukingoni mwa ile ardhi iliyobanwa, kwa hiyo haikupata nafuu hiyo. Maji yameendelea kuipanda kwa maelfu ya miaka. Watu wa Skara Brae hawakujenga ufukweni. Ghuba tunayoiona leo haikuwepo kwa umbo hili; kijiji kilikuwa ndani zaidi, na bahari ilikuwa mbali. Bahari ndiyo iliyotembea, polepole, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni. Hadithi ya usiku mmoja wa 1850 inakata safari hiyo yote na kutuachia hatua ya mwisho tu.

Mtu aliyekiandika kijiji hiki kwa nguvu kuliko wote ni Vere Gordon Childe, Mwaustralia aliyekuwa profesa wa akiolojia Edinburgh. Alichimba hapo kati ya 1928 na 1930, na mwaka 1931 akatoa kitabu chake. Childe alikuwa msomi mkubwa, na pia alikuwa mwandishi, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwenye njia nyembamba karibu na mlango wa nyumba mojawapo zilikutwa shanga zimetapakaa. Childe akaona mwanamke anakimbia, mchanga unamwagika, mkufu unanasa mlangoni na kukatika, na yeye hana muda wa kugeuka kuokota. Kijiji kizima kikawa Pompeii ya kaskazini: watu waliacha vitu walivyokuwa wakivifanya, wakatoka mbio.

Nakubali kwamba ni tukio zuri. Ukishalisoma halikutoki. Lakini tuliangalie kama wasomaji. Ushahidi ni shanga kwenye njia. Mkufu unaweza kukatika siku yoyote, kwenye nyumba yoyote yenye mlango wa kuinamia. Watoto wanaweza kumwaga shanga. Panya wanaweza kuzisambaza. Alichoongeza Childe ni muundo wa hadithi: mwanzo wa ghafla, mhusika wa kike asiye na jina, na mwisho. Wanaakiolojia waliokuja baadaye wamelitilia shaka sana hilo janga la usiku mmoja. Wengi wao wanaona watu waliohama kidogo kidogo, nyumba moja ikiachwa, nyingine ikikaliwa, mchanga ukirudi, watu wakichoka. Hadithi ya kuchoka haina mkufu unaokatika, kwa hiyo hakuna anayeipigia picha.

Na kitabu chenyewe kilikiita Skara Brae, kwenye jina lake la jalada, kijiji cha Wapikti, yaani watu wa maelfu ya miaka baadaye. Kabla ya miaka ya 1930 kwisha, vyungu vilishaanza kubisha, na kipimo cha kaboni cha baada ya uchimbaji wa David Clarke wa 1972 na 1973 kikamaliza ubishi: watu waliishi hapo kuanzia kama mwaka 3180 hadi 2500 kabla ya Kristo. Ni wakubwa kuliko piramidi za Giza. Simlaumu Childe kwa tarehe. Hakuwa na kipimo. Ninachosema ni kwamba tarehe ilipobadilika, shanga zilibaki. Takwimu zilirekebishwa, tukio likaendelea kusimuliwa. Tukio zuri lina maisha marefu kuliko hoja.

Kuna jambo jingine dogo linalonisumbua kwenye simulizi za uchimbaji ule. Ipo picha ya 1929 inayomwonyesha Childe Skara Brae akiwa na wanawake kadhaa. Kwa miongo mingi wale wanawake walihesabiwa kuwa wageni waliokuja kutembea. Mwaka 2019 watafiti waliwafuatilia wakaonyesha kwamba walikuwa wanafunzi wake wa akiolojia, na mmoja wao ameshika kijiko cha kuchimbia mkononi. Kijiko kilikuwa kwenye picha muda wote! Tuliweza kumwona mwanamke wa miaka 5,000 iliyopita akikimbia na mkufu, ila yule wa 1929 aliyesimama mbele ya kamera tukashindwa kumwona. Ndivyo hadithi inavyofanya kazi: inakuonyesha kile ambacho tayari una nafasi yake.

Ukisonga kaskazini zaidi, Shetland, utakuta hali ya kuchekesha. Kuna magofu makubwa huko yanayoitwa Jarlshof. Dhoruba za mwisho wa karne ya 19 ziliyafunua, na uchimbaji ukaonyesha maelfu ya miaka ya makazi, tabaka juu ya tabaka, mpaka nyumba ndefu za Waviking. Jina Jarlshof linasikika la kale kweli kweli, kama limetoka kinywani mwa Mviking mwenyewe. Wapi! Ni jina lililobuniwa na Walter Scott kwa ajili ya riwaya yake The Pirate ya 1822. Riwaya ililipa gofu jina kabla gofu halijafunuliwa, na serikali, watalii na wasomi wote wakalitumia. Sasa jaribu kuniambia fasihi haina kazi kwenye akiolojia.

Basi nani ameiandika pwani hii vizuri? Kwangu mimi, kitabu cha kushika mkononi ni Surfacing cha Kathleen Jamie, mshairi wa Uskoti, kilichotoka 2019. Ni mkusanyiko wa insha. Moja ya zile ndefu inahusu Links of Noltland, eneo la vilima vya mchanga kwenye kisiwa cha Westray, Orkney, ambako upepo umekuwa ukiuchota mchanga na kuyaacha wazi makazi ya Zama Mpya za Mawe na ya Zama za Shaba. Hapo, mwaka 2009, ndipo ilipopatikana sanamu ndogo ya jiwe la mchanga, urefu wa sentimita 4 hivi, ambayo watu wanaiita Westray Wife. Ina uso. Ni mojawapo ya sura za kale zaidi za binadamu zilizowahi kupatikana Uskoti. Hapo pia lilikutwa jengo lenye mafuvu ya ng'ombe yaliyopangwa ndani ya ukuta.

Mwandishi mwingine angeanza na sanamu. Jamie ana uvumilivu wa kuanza na kazi: watu wamepiga magoti, wanakwangua udongo, upepo unawapiga, turubai zinapepea. Kwake pwani ni mahali pa ajira, penye baridi, bajeti na tarehe ya kufunga. Wachimbaji wanajua kwamba fedha za serikali hazitadumu na kwamba mchanga hautasubiri bajeti ijayo. Huyo ndiyo adui aliyekosekana kwenye simulizi za dhoruba: upepo wa kawaida, wa kila siku, unaobeba chembe moja moja. Sungura wanachimba mashimo, nyasi zinakatika, upepo unapata pa kuanzia. Ukisoma insha hiyo kwa makini unatambua kwamba hakuna usiku mmoja wa kulaumu. Kuna miaka.

Jambo la pili analofanya vizuri ni kuiweka Westray kando ya Quinhagak, kijiji cha Wayup'ik huko Alaska, ambako barafu ya ardhini inayeyuka na bahari inauchukua mwambao wenye makazi ya wahenga wao. Kule, kinachotolewa ardhini kina wenyewe. Wajukuu wapo, wanaijua sura ya kinyago, wanajua kifaa kile kilitumika vipi, na tangu 2018 vitu hivyo vimewekwa kwenye jumba la makumbusho hapo hapo kijijini. Westray hakuna anayeweza kusema "huyu alikuwa bibi yangu mzaa bibi". Lakini wakulima wa leo wanafuga ng'ombe kwenye upepo ule ule, na sanamu ya Westray Wife imebaki kisiwani, kwenye kituo cha urithi cha wenyeji. Kuziweka insha hizo mbili kwenye jalada moja ni hoja tosha.

Hapa ndipo nina neno na Jamie, kwa heshima zote. Hoja hiyo anaiweka mezani kisha anaiacha. Sauti yake ni ya upole, na upole huo ndio unaomfanya aone vingi; lakini kuna mahali upole unageuka kuwa njia ya kuepuka ugomvi. Nani anaamua kwamba eneo hili lichimbwe na lile liachiwe bahari? Kwa kipimo gani? Kitu kikishatoka ardhini ni cha nani: cha mji mkuu wenye kabati la kioo, au cha kisiwa? Jamie anayakaribia maswali haya, kisha anageukia mwanga juu ya maji, ndege, au mawazo ya umri wake mwenyewe. Ni kurasa nzuri. Lakini kwa ladha yangu hakuyasukuma mbali vya kutosha, na mshairi mwenye jicho kama lake angeweza.

Labda napata njaa hiyo kwa sababu ya nilikotoka kisomo. Msomaji wa Kiswahili haendi kwenye gofu mikono mitupu. Tuna Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, uliotungwa yapata miaka 200 iliyopita, unaotazama majumba ya Pate yaliyoachwa na kuuliza moyo unajivunia nini. Katika utenzi ule gofu lina wenyewe. Mshairi anajua waliolala pale walikuwa matajiri, anajua taa zao na vyombo vyao, na anatuonyesha wadudu na ndege waliorithi vyumba. Gofu ni hukumu. Kila ukuta unaoanguka unamjibu mtu aliyejiona mkubwa.

Jaribu kuipeleka hukumu hiyo Skara Brae uone inavyoteleza. Nyumba za pale zinafanana mno. Ukubwa karibu ni ule ule, jiko lipo katikati, kitanda kulia, kitanda kushoto, na kabati la mawe limesimama kuelekea mlango, kitu cha kwanza kuonwa na mgeni anayeingia. Sisi watu wa zidaka tunalielewa kabati hilo bila mkalimani. Nyumba ya Lamu ina zidaka zake ukutani, na vyombo vya kauri vinapangwa pale ili mgeni aone. Kumbe hata mwenye sakafu ya udongo na bakuli la mfupa wa nyangumi anataka mgeni aone. Hakuna jumba la mfalme pale la kufundishia kiburi. Ukuta ukianguka Skara Brae haumsuti mtu. Unaanguka tu.

Nadhani hili ndilo linalowatatiza waandishi wengi wa pwani ile. Gofu lisilo na tajiri, lisilo na jina, lisilo na dhambi, unaliandikaje? Childe alilitafutia janga. Scott alilitafutia jina la kiungwana. Vitabu vya watalii vinalitafutia dhoruba. Wote wanakimbia jambo moja, kwamba watu waliishi pale miaka kama 600, wakala, wakatupa taka, wakazika wawili wao chini ya ukuta wa nyumba moja, wakaondoka, na hatujui walijiita nani. Jamie ndiye aliyekubali kukaa na jambo hilo bila kulivalisha. Kwa hilo namsamehe upole wake.

Sasa, kuna kitu halisi kwenye mizani hapa, tusijifanye tunajadili sentensi tu. Mwaka 2019, miaka 20 baada ya Skara Brae na jirani zake kuingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, wataalamu walikutana Orkney kupima hatari ya mabadiliko ya tabianchi kwa kutumia kipimo kipya, na jibu likawa kwamba eneo hilo liko kwenye hatari kubwa mno. Bahari inapanda, mvua zinabadilika, tufani zinazidi kusukuma maji juu ya ukuta ule wa miaka ya 1920. Mwaka 2021 kipimo hicho hicho kililetwa kwetu, Tanzania, kwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Kwa hiyo ile ripoti ya Orkney ina ndugu wa damu kwenye Bahari ya Hindi. Kilwa iliwahi kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na miongoni mwa yaliyofanyika kuikinga ni kurudisha mikoko. Mti unaoshika tope kwa mizizi, kimya kimya, mwaka baada ya mwaka. Hakuna atakayeandika riwaya ya kusisimua kuhusu mkoko. Lakini unafanya kazi.

Ukisoma pwani kama hadithi ya dhoruba, utajenga ukuta baada ya dhoruba na kusahau mpaka nyingine. Ukiisoma kama hadithi ya upepo wa kila siku, utauliza nani yuko pale kila siku. Uskoti wamejaribu jibu: shirika la SCAPE, lililoko Chuo Kikuu cha St Andrews, limewafundisha watu wa kawaida wa pwani kutembea ufukweni na kuandika walichokiona, ukuta upi umetokeza, mfupa upi umeonekana, kingo ipi imeporomoka. Mvuvi, mwalimu, mstaafu anayetembea na mbwa. Taarifa zao zinaingia kwenye ramani moja. Sioni aina bora ya uhakiki kuliko hiyo: msomaji anayerudi kwenye ukurasa ule ule kila wiki na kuona neno lipi limefutika.

Na wakati mwingine kinachofuta si bahari. Watt alipochimba miaka ya 1860 alipata sanamu ndogo ya mfupa wa nyangumi, yenye macho na mdomo. Iliandikwa, ikachorwa, kisha ikapotea. Mwaka 2016 ikaonekana tena, ndani ya sanduku, kwenye jumba la makumbusho la Stromness, kilomita chache tu kutoka ilikotoka. Iliokolewa na bahari, ikazamishwa na sanduku. Kila tunapolaani mawimbi, tukumbuke na masanduku. Vitu vilivyochimbwa bila kuchunguzwa, ripoti zisizochapishwa, majina ya wachimbaji yasiyoandikwa chini ya picha: huo nao ni mmomonyoko, na huu hauna mawimbi ya kusingizia.

Ndiyo maana nasema bahari si msimulizi. Bahari haichagui, haina hoja, haijui shanga ni nini. Kuchagua ni kazi yetu, nasi huchagua kwa hadithi tulizozoea. Akitokea mtu wa kuandika magofu ya pwani yetu, na natamani atokee upesi, ningemwomba asome Al-Inkishafi kwa ajili ya moyo na Surfacing kwa ajili ya subira. Halafu aanze kitabu chake siku isiyo na upepo, maji yakiwa yamekupwa, na mtu mmoja amechuchumaa ukingoni akihesabu mawe yaliyobaki.